Sura ya 7: Nikifunga Taa Kwenye Mshipi, Nitavua Zaidi?

Mvuvi wa mshipi akiitazama mitumbwi ya dagaa inavyowaka usiku, swali humjia lenyewe: ikiwa taa kubwa zinaita dagaa kwa maelfu, je, taa ndogo karibu na ndoana haiwezi kuniitia ngisi mmoja au kolekole mmoja? Swali la pili hufuata papo hapo. Vipande vyote vinavyohitajika vinapatikana kwa fundi simu, kwa nini nisijitengenezee mwenyewe?

Swali la pili lina jibu jepesi. Ndiyo, unaweza, na kazi yenyewe haimshindi mtu aliyewahi kushika pasi ya kulehemu. La kwanza ndilo gumu. Muuza vifaa atakuhakikishia kwamba chambo chenye taa kinavua, na jirani yako ataapa kwamba hakifai. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia maji yake, samaki wake na usiku wake. Ubunifu wa chambo haukamiliki pale taa inapowaka. Unakamilika pale mvuvi anapokipima kwa haki, akahesabu, na akakubali hesabu ilivyotoka.

## Kwa nini samaki huijia taa

Washa taa ya barazani msimu wa mvua. Kumbikumbi watakuja, na baada yao atakuja mjusi, asiyeitaka taa bali kumbikumbi. Majini kuna mnyororo wa namna hiyo hiyo. Mwanga huvuta planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea na kuchukuliwa na mkondo. Dagaa huja kuwala, na wakubwa huja kuwala dagaa. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaujua mnyororo huu vizuri: dagaa wakikusanyika chini ya taa, migebuka nao hawako mbali.

Lakini taa ya mtumbwi na taa ya mshipi hazifanyi kazi moja. Taa ya mtumbwi ina nguvu na hukaa mahali pamoja kwa saa nyingi, kwa hiyo ina muda wa kukusanya mnyororo mzima. Taa ya mshipi ni ndogo kama punje ya mahindi. Haiwezi kukusanya karamu. Kazi yake ni mojawapo ya mbili: kumulika chambo ili samaki aliye karibu akione, au kujifanya kiumbe kinachong'aa.

Hila hii ya pili ilikuwepo baharini kabla ya binadamu. Katika kina kirefu cha bahari yuko samaki ambaye jike lake limeota kijiti juu ya kichwa, na ncha ya kijiti hicho hung'aa kwa sababu ya bakteria wanaoishi ndani yake. Mnyama mdogo akiusogelea mwanga, huishia kinywani. Ngisi nao huujia mwanga, na ndiyo maana meli za Japani zinazovua ngisi huwasha taa kali kiasi kwamba huonekana katika picha za satelaiti.

Si kila samaki atakuja. Mkunga huwinda usiku kwa pua kuliko kwa macho, na taa haina harufu. Kwa hiyo anza kwa kujiuliza: samaki ninayemtaka huwinda kwa kiungo gani? Ikiwa ni kwa pua, kipande kibichi cha ngisi kitamvuta kuliko taa yoyote.

Kwa ufupi: taa kubwa hukusanya chakula, taa ndogo humulika chambo au humdanganya samaki mwindaji. Humfaa samaki anayewinda kwa macho.

## Rangi ipi inafika chini?

Maji humeza rangi za mwanga, lakini hayazimezi zote kwa kasi moja. Katika bahari safi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea: ukifika mita 10, sehemu kubwa ya nyekundu iliyotoka juani imekwisha. Buluu ndiyo husafiri mbali zaidi. Maji ya pwani yenye mimea midogo mingi humeza buluu pia, na hapo kijani hushinda.

Jambo hili linaeleza kwa nini chambo cha taa cha kutengeneza nyumbani ni kitu cha juzijuzi. LED ni taa ndogo inayotoa mwanga bila waya unaowaka ndani, ile inayowaka kwenye rimoti, chaja na tochi za siku hizi. LED ya kwanza yenye mwanga unaoonekana, aliyoitengeneza Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, ilikuwa nyekundu, rangi ambayo bahari humeza kwanza. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1993 ndipo Shuji Nakamura wa Japani akatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali, na kijani kikali kikafuata muda mfupi baadaye. Nakamura alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Mvuvi wa ngisi anayenunua LED ya kijani kwa fundi simu leo anavuna matunda ya kazi yao.

Usikimbilie kuhitimisha kwamba kijani na buluu ni bora kila mahali. Katika Ziwa Viktoria mambo hugeuka. Maji yake yamejaa chembe zinazomeza buluu kwanza, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga uliobaki unavyoelekea wekundu. Samaki wamejirekebisha kulingana na hali hiyo. Miongoni mwa furu wa visiwa vya upande wa Mwanza wako jamaa wawili wa karibu: mmoja, dume lake likiwa na rangi ya buluu, hukaa majini juu, mwingine, dume lake likiwa jekundu, hukaa chini zaidi, na macho yake huinasa nyekundu vizuri kuliko ya mwenzake. Huyo wa chini wataalamu walimpa jina la kisayansi la kumuenzi Mwalimu Nyerere, *Pundamilia nyererei*. Taa ya buluu inayong'ara kwenye maji ya Pemba inaweza kufifia upesi ukiiteremsha Mwanza.

Utayajuaje maji yako? Tumia sahani nyeupe. Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa maji ya Bahari ya Mediterania kwa kuteremsha visahani kwa kamba na kuangalia vinapotelea wapi. Njia yake inatumika hadi leo. Toboa sahani, ifunge kamba yenye mafundo kila nusu mita, iteremshe mchana upande wa kivuli wa chombo, uandike kina ambacho huioni tena. Ikipotea baada ya mita 2, maji yako ni mazito: jaribu kijani, njano na nyekundu. Ikionekana hadi mita 10 au zaidi, anza na kijani na buluu.

## Hisia ya pili: mtetemo

Samaki hajui ulimwengu kwa macho tu. Tazama ubavuni mwa kolekole uone mstari unaotoka nyuma ya kichwa hadi mkiani. Huo ni mstari wa pembeni, kiungo kinachohisi msukosuko wa maji ulio karibu. Kwa kiungo hicho samaki humtambua mwenzake aliyejeruhiwa akipapatika gizani.

Simu ya zamani ina kitu kinachofaa hapa: mota ndogo ya mtetemo, ile inayoitikisa simu ikiwa kimya. Ndani yake mna kidude cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Nyingi za mota hizi huzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika, yaani kama mitetemo 170 kwa sekunde, kiwango ambacho mstari wa pembeni na sikio la ndani la samaki vinaweza kukihisi. Zina ubaya mmoja: hula umeme kuliko LED kwa mbali sana. Ndiyo maana ninashauri chambo cha kwanza kiwe cha taa peke yake. Mtetemo uje baadaye, ukiwa jaribio lake lenyewe. Ukiviweka vyote viwili siku moja na samaki wakaja, hutajua kipi kimewaita.

## Kukitengeneza

Utahitaji:

1. LED 1 ya kijani ya milimita 5.
2. Betri 2 bapa za mviringo aina ya CR2032, zile za rimoti za magari, kila moja volti 3.
3. Resista ya omu 680. Resista ni kipande kinachopunguza umeme unaopita, na omu ni kipimo cha uzuiaji wake.
4. Bomba safi la sindano la plastiki, lisilo na sindano, pana kiasi cha kuingiza betri hizo.
5. Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa.
6. Waya mwembamba, risasi ya kulehemu, na vipande vya risasi vya kuongeza uzito.

Betri mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine hutoa volti 6. LED ya kijani hutumia takriban volti 3. Zinabaki 3, na hizo ndizo zinazobebwa na resista. Gawanya 3 kwa 680 utapata kama miliampia 4.4, yaani sehemu ndogo ya ampia moja. Betri ya aina hii hubeba takriban miliampia 220 kwa saa moja. Gawanya 220 kwa 4.4, unapata saa 50 hivi kwa hesabu ya karatasini, na majini ni pungufu kadiri betri inavyochoka. Hizo ni safari kadhaa za usiku kabla ya kubadilisha.

Bila resista, LED itapokea umeme kupita uwezo wake na inaweza kuungua. Tena kumbuka kwamba LED ina upande: mguu mrefu huenda kwenye chanya. Ukikosea haiwaki, igeuze.

Usitumie betri ya simu. Ina nguvu kupita inavyohitajika, na ikitobolewa au ikiingiwa na maji ya chumvi inaweza kuwaka moto mkononi mwako. Na hizi ndogo bapa zihifadhi mbali na watoto, kwa maana mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa saa chache.

Lehemu, ingiza ndani ya bomba, kisha uzibe kwa epoksi na uiache ikauke hadi kesho yake. Mshipi usivutwe kupitia bombani. Upitishe ubavuni, ufunge bomba juu yake nusu pima juu ya ndoana, ili samaki mkubwa akivuta, uzito uende kwenye mshipi na si kwenye gundi.

Kwa kuzima na kuwasha, njia nyepesi ni kipande cha plastiki kati ya betri na mguso wake: kichomoe, taa inawaka. Kwa njia hii sehemu ya betri haizibwi moja kwa moja, bali hufungwa kwa mfuniko na mpira. Njia ya kifundi zaidi ni swichi ya maji: ncha mbili za waya zinazotokeza nje na transista ndani, yaani kipande kinachofungulia umeme mkubwa kikipata umeme mdogo. Chambo kikizama, maji huunganisha zile ncha na taa huwaka. Baharini swichi hii hufanya kazi bila shida kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Ziwa Tanganyika lina chumvichumvi kiasi. Ziwa Viktoria lina kidogo mno, na huko swichi iliyofaulu Tanga inaweza kukataa. Ijaribu kwenye kikombe cha maji ya mahali utakapovua.

## Kabla ya samaki, ndoo na kamba

Majaribio matatu hufanyika bila samaki, na huokoa safari nyingi.

Jaribio la kuzama. Bomba linalochukua nafasi ya mililita 10 za maji husukumwa juu na maji kwa nguvu ya gramu 10. Likiwa jepesi kuliko hapo litaelea, na ndoana yako itaning'inia vibaya. Ongeza risasi kidogo kidogo ndani ya ndoo hadi lizame polepole.

Jaribio la kuvuja. Kila mita 10 unayoshuka huongeza kanieneo ya maji kwa kiasi sawa na ile ya hewa inayotuzunguka. Kwenye mita 20 chambo kinabanwa mara 3 ya kinavyobanwa juu ya meza. Kwa hiyo ndoo haitoshi. Tengeneza bomba moja lisilo na betri, weka ndani karatasi laini ya chooni, lizibe, literemshe kwa chubwi hadi kina cha kuvulia na uliache kwa saa moja. Karatasi ikitoka kavu, gundi yako imepasi. Ikitoka na unyevu, umepoteza karatasi tu.

Jaribio la uvumilivu. Washa chambo jioni, ukiache ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kiangalie gizani kando ya kipya. Usipofanya hivyo, unaweza kuja kulaumu rangi wakati aliyekufa ni betri.

## Kupima kwa haki

Hapa ndipo wabunifu wengi hukwama. Mtu hutoka na chambo kipya, anapata samaki 12, na anatangaza ushindi. Pengine usiku huo kila mtu alipata 12. Pengine ulikuwa usiku wa giza nene, na wiki iliyotangulia ilikuwa ya mbalamwezi, ambapo hata wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mwezi. Kulinganisha usiku wa leo na wa wiki jana ni kulinganisha mwezi, mkondo na bamvua, si vyambo.

Dawa ni kuweka vyambo viwili majini kwa wakati mmoja: kimoja kinawaka na kingine kimezimwa. Hicho kilichozimwa kiwe na bomba lile lile, uzito ule ule, ndoana ile ile na kipande cha ngisi cha ukubwa ule ule. Tofauti pekee iwe mwanga. Kisha fuata kanuni hizi:

1. Mishipi yote miwili iwe kwenye chombo kimoja na kina kimoja.
2. Badilishana pande kila nusu saa. Huenda upande mmoja wa ngalawa uko juu ya mwamba wenye samaki.
3. Badilishana mikono pia. Mvuvi hodari hufanya chambo kibovu kionekane kizuri.
4. Amua mapema nini kinahesabiwa: aliyegusa, aliyenasa, au aliyeingia chomboni. Usibadilishe katikati.
5. Andika papo hapo: saa, kina, upande, aina ya samaki, hali ya mwezi. Kumbukumbu hupendelea kile tunachotaka kiwe kweli.
6. Amua kabla ya kuanza utaacha lini. Ukiacha pale tu chambo chako kinapoongoza, umejipa ushindi mwenyewe.

Kanuni ya 3 ina sababu nyingine. Mtu aliyekesha akilehemu chambo hukishika kwa makini zaidi, hukitikisa vizuri zaidi, hukitazama zaidi. Hana nia mbaya, anakipenda tu. Mpe mwenzako akishike, na wewe shika kile kilichozimwa.

## Saba kwa tatu: ushindi au bahati?

Tuseme umepata samaki 10: 7 kwenye chambo kinachowaka, 3 kwenye kilichozimwa. Inaonekana wazi, sivyo?

Chukua sarafu uirushe mara 10. Sarafu haijui uvuvi, wala haina upande inaoupenda. Hata hivyo, matokeo ya 7 kwa 3, au yaliyoelemea zaidi ya hapo kwa upande wowote, hutokea takriban mara 1 katika kila mizunguko 3 ya kurusha hivyo. Kwa hiyo 7 kwa 3 haijathibitisha lolote bado. Vyambo visivyotofautiana hata kidogo vingeweza kukupa matokeo hayo.

Sasa tuseme umeendelea hadi samaki 40, na uwiano umebaki ule ule: 28 kwa 12. Sarafu ingekupa matokeo ya kuelemea namna hiyo chini ya mara 1 katika kila mizunguko 50. Hapo una haki ya kuanza kuamini. Uwiano haukubadilika, kilichobadilika ni wingi wa ushahidi.

Tahadhari moja: samaki wa kundi huja pamoja. Samaki 28 walionaswa katika dakika 20 za kundi moja kupita ni ushahidi mdogo kuliko 28 waliopatikana katika usiku mbalimbali. Hesabu pia ni usiku ngapi chambo kinachowaka kilishinda.

Kwa ufupi: linganisha kwa wakati mmoja, badili kitu kimoja tu, andika kila kitu, na usiamini idadi ndogo.

## Mipaka ya kuheshimu

Chambo hiki kinamwonyesha samaki mwanga, hakimpigi shoti. Kuvua kwa kuwapiga samaki shoti majini ni kitu kingine kabisa, ni hatari kwa anayevua, na sheria za uvuvi za Tanzania na Kenya zinakikataza pamoja na baruti na sumu. Matumizi ya taa nayo yana masharti yanayotofautiana kati ya ziwa na ziwa na kati ya maziwa na bahari. Muulize afisa uvuvi wa eneo lako, au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali mwaloni au dikoni.

Betri iliyokwisha irudi nchi kavu. Na daftari lako likikuonyesha kwamba taa inavuta zaidi samaki wachanga, hiyo ni sababu ya kutosha ya kubadili rangi, kina au ukubwa wa ndoana, hata kama ndoo inajaa.

## Daftari ni mali ya diko zima

Ukikuta taa haikuongeza kitu, hujashindwa. Umejua jambo kuhusu maji yako ambalo hakuna muuzaji angekuambia, na umewaokolea wenzako fedha. Andika: rangi hii, kina hiki, samaki huyu, mwezi ukiwa hivi, hakuna tofauti. Jaribio linalofuata liwe la rangi nyingine, au taa inayometa badala ya inayotulia, au mtetemo.

Ukikuta imeongeza, usikifiche. Mpe mvuvi mwingine chambo chako pamoja na kanuni zako sita, akipime kwenye chombo chake bila wewe kuwepo. Chambo kinachomvulia aliyekibuni peke yake kinaweza kuwa kinabebwa na mkono wake. Kikimvulia na mtu mwingine, kwenye maji mengine na usiku mwingine, ndipo diko litakapoweza kusema limepata chombo kipya cha kazi.